Ulimi wa Mbuzi Mweusi

Nianze na mbuzi, nyuki watakuja baadaye. Mkwe wangu huniambia, "Mama, hadithi zako zina kona nyingi kuliko barabara ya Karema." Ni kweli. Lakini nikianza na nyuki hamtaelewa kwa nini siku ile nilisimama mbele ya wanaume wa watu na kusema nilichosema. Kwa hiyo nivumilieni kona hii moja.

Mimi ni Mfipa. Nilizaliwa upande wa Sumbawanga, nikaolewa na Mbende huku Kabungu, na huku ndiko nilikozeekea. Shule niliishia darasa la pili. Kusoma kwenyewe nilikumalizia kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto ananyonya huku nafuatisha herufi za ubaoni. Mkiona mahali nimeandika vibaya, jueni siku hiyo ya somo mtoto alikuwa analia.

Sasa mbuzi. Kwetu tulikatazwa kuvaa nguo nyekundu wakati wa mvua, eti radi hufuata kitu chekundu. Mama yangu akisikia ngurumo alikimbia kuanua hata kitenge chenye ua moja tu jekundu pembeni. Siku moja, nikiwa msichana, radi ikapiga kwa jirani. Iliiacha nyumba. Iliiacha na kamba ya nguo, ambako sweta jekundu lilikuwa linaning'inia limelowa. Ikaenda kumuua mbuzi bandani. Mbuzi mweusi tii, hana hata doa.

Tukakusanyika kumwangalia. Mimi kwa kimbelembele changu nikasema, "Mbona huyu ni mweusi?"

Ndipo mzee mmoja akainama, akampanua yule mbuzi mdomo kwa vidole viwili. "Oneni wenyewe," akasema. "Ulimi mwekundu."

Eee, kweli, watu wakasema. Wakaondoka wameridhika kabisa, wengine wakimsifu mzee kwa akili.

Mimi nilibaki. Nikatoa ulimi wangu nje, nikaukodolea macho mpaka yakauma. Nao ulikuwa mwekundu. Basi kwa miaka mingi, mvua ikianza kunyesha mimi nafunga mdomo. Ndugu zangu walidhani nina heshima sana kwa mvua. Nilikuja kuwa mama mtu mzima ndipo nikaelewa kilichonisumbua siku ile. Angepigwa mbuzi mwekundu, wangesema, mnaona? Kapigwa mweusi, wakasema, mnaona? Sasa ni mbuzi gani angepigwa ili waseme, jamani, tumekosea? Hakuna. Duniani hakuna mbuzi huyo.

Haya, nyuki.

Mwanangu wa mwisho alikuwa mrina asali. Hapa kwetu warina asali wana kikundi, na kikundi kina eneo lake la msitu, na kila mwanachama ana sehemu yake ya kutundika mizinga. Yeye aliipenda kazi hiyo tangu mdogo. Alikuwa anarudi kutoka msituni ananuka moshi na nta, macho yamevimba, anacheka. Aliugua kifua msimu mmoja, na msimu uliofuata hakuwepo. Aliacha mke, aliacha watoto ambao mkubwa wao alikuwa bado hajaota meno ya utu uzima, na aliacha mizinga yake mitini, nyuki wamo ndani wanaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo lilinitia uchungu, halafu baadaye likanifariji. Sijui kwa nini.

Mkwe wangu ni binti wa Katumba. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, sasa ni Watanzania kama mimi na wewe. Ni mchapakazi, mkimya, na akikasirika anatukana kwa Kirundi ili mimi mama mkwe nisielewe. Mimi najifanya sielewi. Tumeishi vizuri hivyo.

Baada ya msiba kupoa, kaka zake walikuja. Walikaa kwa heshima, wakakubali uji, halafu yule mkubwa akasema, "Mama, hatukuja kwa ubaya. Shamba hili ni dogo na shemeji alikuwa anaishi kwa asali. Dada yetu akipewa nafasi ya mumewe kwenye kikundi, abaki hapa na watoto wake. Asipopewa, kiangazi kijacho tutakuja kuwachukua wote. Hatuwezi kumwacha akae na njaa kwa ajili ya kumbukumbu."

Walikuwa na haki. Lakini walipoondoka nilikaa kwenye kiti changu nikawaangalia wajukuu wanavyomkimbiza kuku, na nikaona ua wangu utakavyokuwa wakishaondoka. Safi, umefagiliwa, hauna mtu.

Mkwe wangu akaenda kuomba. Kikundi kikaitisha kikao kwenye banda la kukamulia asali. Mimi sikualikwa, ila hakuna aliyesema nisije, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nikabeba kigoda changu nikaja.

Nilimkuta mtani wangu amekaa mlangoni. Huyu ni Msukuma, mfugaji, alishuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini miaka mingi iliyopita akajenga nyuma ya mashamba yetu. Ng'ombe wake walipita kando ya msitu wa kikundi, na siku hiyo alikuwa ameitwa asemwe kwa sababu ya ndama waliotikisa miti ya mizinga. Kesi yake ilikuwa imekwisha, lakini hakuondoka. Hajawahi kuondoka mahali penye maneno. Wajuzi wanabishana utani wetu na Wasukuma ulianzia wapi. Mimi ninachojua ni kwamba yeye anaweza kuniambia neno lolote mbele za watu, na nikikasirika kosa ni langu.

"Mayu!" akaniita, jinsi wao wanavyomwita mama. "Umekuja kutuma radi? Maana nyie Wafipa mnatuma radi kama vijana wanavyotuma meseji."

"Ningekuwa na radi ningeanza na ng'ombe wako."

"Ng'ombe wangu hawana nguo nyekundu."

"Wana ulimi," nikasema.

Hakuelewa, lakini alicheka. Mtani mzuri hucheka kwanza.

Mwenyekiti wa kikundi akafungua mkutano. Ni mtu mwema, nisije nikamsingizia. Siku ya kumzika mwanangu alibeba jeneza na machozi yalimtoka. Akamgeukia mkwe wangu akasema taratibu, "Shemeji, sisi hatuna chuki na wewe. Lakini mwanamke haendi mzingani. Mwanamke akitundika mzinga, nyuki hawaingii. Utakaa mtupu mpaka uoze. Ndivyo ilivyo tangu mababu."

Vichwa vikatikisika. Ndivyo, ndivyo.

Kisha akasimama mrina mwingine, mwenye sauti nene, ambaye sehemu yake msituni inapakana na ya marehemu. "Hilo la mwenyekiti ni dogo," akasema. "Mimi nina kubwa. Mwanamke ananukia. Ana harufu ya chakula, ana mafuta ya kupaka. Akitundika mzinga jirani na yangu, nyuki wangu wote watahama wamfuate yeye. Na si wangu tu, wenu pia. Tutabaki tunapigia magogo hodi."

Vichwa vikatikisika tena. Vichwa vile vile.

Mimi nikahisi kitu. Mnajua mchanga kwenye dagaa? Jino limegusa, krr, lakini ukiutafuta kwa ulimi huuoni. Ndivyo nilivyohisi. Kila neno peke yake lilisikika kama la kweli, na wote wawili walikuwa watu wazima wenye mvi. Na hapa niingize neno: mimi mvi ninazo, na watu hupenda kusema fulani amekula chumvi nyingi kwa hiyo anajua. Kula chumvi nyingi ni kula chumvi nyingi. Marehemu mume wangu aliila yote na alikufa akiamini kwamba anayesema kwa sauti kubwa ndiye mkweli.

Mkwe wangu akainua mkono. "Wazee wangu, naomba kuuliza. Mlijuaje kwamba nyuki hawamtaki mwanamke?"

"Umewahi kumwona mwanamke anarina?" mwenyekiti akamuuliza.

"Sijawahi."

"Unaona sasa."

"Na kwa nini hakuna anayerina?"

"Si ndiyo hiyo! Nyuki hawawataki."

Mlangoni mtani wangu akapiga paja. "Jamani! Nina ng'ombe mmoja nilimfunga kamba mtini, akauzunguka ule mti, akauzunguka, mpaka kamba ikaisha na shingo yake ikabanwa kwenye gome. Yeye alidhani anasafiri."

"Wewe kesi yako imekwisha," mwenyekiti akamwambia. "Na hapa huna mtani."

"Mtani ni wangu," nikasema kutoka kwenye kigoda, "lakini leo nawaazima."

Wakacheka, na kicheko kikishaingia kwenye kikao ni kama mbuzi ameingia jikoni, kumtoa ni kazi. Msukuma akasimama, akaegemea fimbo yake. "Mimi siyajui ya nyuki. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nataka kuelewa tu. Wewe mwenyekiti umesema mizinga ya huyu binti haitaingia nyuki. Sivyo?"

"Haitaingia."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na wewe mwenye sauti ya fahali umesema nyuki wote wa msitu huu watahamia kwake."

"Wote."

"Sasa mimi nimepotea. Nyuki wamekwenda kwake wote, lakini kwake hakuna nyuki. Wamelala wapi? Kwangu?"

Banda likalipuka. Nikauona ule mchanga, umekaa kwenye kiganja, mweupe. Maneno mawili yamefungwa nira moja, moja linavuta huku, jingine linavuta kule, na sisi tulikuwa tunatikisa vichwa kwa yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwa yanamkataa mtu yule yule. Hatukuwa tunapima maneno. Tulikuwa tunahesabu fimbo za kumpigia.

Mwenyekiti akajitetea. "Yeye anasema yake, mimi nasema yangu."

"Basi elewaneni kwanza nyie wawili, ndipo mmkatalie mtu," mtani akasema, akakaa.

Wakajaribu kuelewana, na hapo ndipo wakagombana. Mwenyekiti alisema, basi na ajaribu msimu mmoja, apewe mizinga mipya, maana ile ya marehemu ina nyuki wa marehemu, na aitundike hapa karibu na njia ili kila mtu apitaye aone ilivyo mitupu. Mwenye sauti nene akaruka juu. Karibu? Aitundike mbali, kule ng'ambo ya korongo, atawamalizia watu nyuki!

"Kama haitaingia nyuki, ya nini kuipeleka mbali?"

"Kama haiwezi kuingia, ya nini kujaribu?"

"Si ili aone!"

"Na mimi nikipoteza nyuki wangu nitaona nini?"

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Nilidhani analia. Nilipoinama kumchungulia nikakuta anacheka kimyakimya, mabega yanamtikisika. Tangu mwanangu aondoke sikuwa nimemwona anacheka. Nilimshukuru Mungu kwa Wasukuma na ng'ombe wao wote, hata wale waliokula mahindi yangu.

Mwishowe wakakubaliana. Mizinga minne ya mbao, ambayo atatengenezewa na fundi seremala wa Kawajense, ataitundika kwa mikono yake mwenyewe, karibu na njia. Msimu mmoja, kisha tutaona. Watu wakaanza kuinuka, wakijipangusa makalio. Mkwe wangu akawa anawashukuru.

Hapo ndipo nikamkumbuka mbuzi.

"Kaeni kwanza," nikasema, na nikasimama. Goti langu lilikuwa limekufa ganzi nikajishikilia kwenye pipa la asali. Nikawasimulia kama nilivyowasimulia nyie, sweta, banda, mbuzi mweusi, mzee na vidole vyake. Walicheka sana pale nilipofunga mdomo wakati wa mvua. Walipomaliza nikasema, "Sasa mmesema tutaona. Tutaona nini? Mizinga ikikaa mitupu mtasema, mnaona. Ikiingia nyuki, kuna mtu hapa atakuja kuupanua mdomo wa mzinga anitolee ulimi. Mimi ulimi nimeshaonyeshwa. Semeni leo, kabla nyuki hawajasema. Mkiona kitu gani mtakubali kwamba mlikosea?"

Wakaangaliana, kila mmoja kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Mama, una maneno," mwenyekiti akasema mwishowe. "Haya. Mizinga yote minne ikiingia nyuki, nakubali."

"Yote minne!" mtani akadakia. "Wewe msimu uliopita mizinga yako yote iliingia?"

Mwenyekiti akakuna kidevu. Kila mrina anajua mzinga ni kama mtego, mingine inanasa, mingine inalala mitupu, na hakuna anayejua sababu. "Haikuingia yote," akasema.

"Na wewe ni mwanamume?"

"Nyie Wasukuma!"

"Najibiwa au sijibiwi?"

Basi wakasema, na yalisemwa kwa sauti, mbele ya wote. Imesemwa kwamba hautaingia hata mmoja. Basi ukiingia mmoja, nyuki wakajenga masega, lile neno la mababu limekufa. Na mwenye sauti nene: msimu ukiisha akiwa bado na nyuki wake mizingani, neno la harufu limekufa nalo. Yakifa yote mawili, binti ni mwanachama na mizinga ya mumewe ni yake. Yasipokufa, anaondoka bila lawama.

"Na mimi ndiye shahidi," mtani akasema. "Anayejua utani anajua kazi yangu iko wapi. Atakayegeuza neno, siku ya kumzika nitakuja. Nitasimama juu ya udongo nitamsema alivyokuwa, mbele ya wakwe zake."

Hakuna aliyecheka sana kwa hilo. Sisi tunajua watani wanavyofanya msibani, na kwamba hakuna wa kuwazuia.

Mkwe wangu alitundika mizinga yake. Alijifunga kitenge juu ya suruali ya marehemu, akapaka nta ndani ya kila mzinga kama alivyokuwa anamwona mumewe akifanya, akavuta waya wa kutundikia mwenyewe mpaka viganja vikachubuka. Mimi nilikuwa chini nikitoa ushauri ambao haukuombwa.

Kisha tukangoja. Mvua zikaja, zikakatika, miyombo ikachanua, msitu wote ukanuka utamu. Kungoja kunamfanya mtu kuwa mjinga. Siku moja nyuki alitua kwenye kikombe changu cha uji akatembea ukingoni akizunguka, nikamwita mkwe wangu kwa kelele, njoo uone, ni ishara! Akaja na ndoo kichwani, akaangalia. "Mama," akasema, "umetia sukari." Nikamfukuza yule nyuki kwa aibu. Wiki hiyo hiyo nikaona kuku wangu mwekundu ameatamia mayai upande wa msitu, nikaanza tena. Kichwa cha binadamu kinapenda sana kuokota vitu njiani na kuvifunga pamoja. Nilikuwa nimekaa nacho miaka yote hii, na bado.

Kiangazi kikafika. Kaka zake wakapiga simu kwamba wanakuja siku chache zijazo. Kikundi kikapanga asubuhi ya kwenda kukagua, tukaenda, warina wote, mkwe wangu mbele amebeba chombo cha moshi, mimi nyuma, na mtani pembeni akisema miti yetu ina njaa kwa kuwa hailiwi na ng'ombe.

Mzinga wa kwanza ulikuwa na utando wa buibui. Wa pili siafu walikuwa wameshika nyumba. Mwenyekiti hakuonyesha furaha, na kwa hilo namheshimu. Kwenye wa tatu alitoka mjusi, akatuangalia kama sisi ndio tumekosea mlango.

Nikaanza kuukunja moyo wangu taratibu, kama mtu anayekunja nguo za watoto kuziweka kwenye begi.

Wa nne tuliusikia kabla ya kuuona. Mngurumo wa chini, kama mtu anayesali mdomo umefungwa. Walikuwa wanaingia na kutoka kwenye tundu, miguu imejaa unga wa njano. Mkwe wangu akapuliza moshi, akasubiri, akafungua kifuniko kidogo. Masega meupe, yameshuka kama mapazia. Aliumwa mkononi na hakuutoa mkono.

Tukaenda na kwa yule mwenye sauti nene. Aligonga mzinga wake wa kwanza kwa ukucha, ukamjibu. Wa pili ukamjibu. "Wapo," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nyuki wangu wapo."

Ndipo mwenyekiti akakohoa. Alikuwa ameuangalia ule mzinga wa nne kwa muda mrefu. "Mimi naona," akasema, "huyu ni marehemu. Marehemu ndiye aliyemletea mkewe nyuki. Si yeye aliyewaita."

Niseme ukweli hapa. Mimi ni mama yake. Nilitaka lile neno liwe kweli kuliko mtu yeyote aliyesimama pale. Mwanangu yupo mahali fulani kati ya matawi, anawasukuma nyuki kwa mkono, waende kwa wanawe. Nani asingetaka? Lakini nikaona pia neno lile linafanya kazi gani. Lilikuwa linaupanua mdomo wa mbuzi. Kwa neno lile, mizinga mitupu ni ya mkwe wangu, na mzinga uliojaa ni wa mwanamume, hata kama mwanamume huyo yuko kaburini.

Kabla sijamjibu, mtani akavua kofia. Akaiweka kifuani. Akasimama mbele ya mwenyekiti, akaangalia chini miguuni pake kama mtu anayeangalia shimo, akaanza kulia kwa sauti ya msibani.

"Yoo, mwenyekiti wetu! Umelala! Ulikuwa mtu mzuri, ulibeba majeneza ya watu, mkeo hujawahi kumpiga, uliogopa tu mama mkwe wako kama wanaume wote. Yoo! Ila neno lako! Neno lako halikukaa hata msimu mmoja! Liliingia mjusi likatoka!"

Warina walikuwa wamejishikilia kwenye miti kwa kicheko. Mwenye sauti nene alikaa chini kabisa. Mwenyekiti alijaribu kukaza uso, ukamponyoka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Basi, basi! Nizike taratibu!" akasema. Kisha akatulia, akamgeukia mkwe wangu. "Tulisema mmoja, na mmoja umeingia. Neno langu ni lile la siku ile, si hili la leo. Mizinga ya mumeo ni yako." Akaniangalia mimi. "Na marehemu, mama, wewe na binti mmkumbuke mnavyotaka. Hilo si la kikundi."

Sijasahau hilo la mwisho. Mtu anayeweza kukubali amekosea na bado akakuachia huzuni yako, huyo ni mtu.

Kaka zake walipofika na pikipiki zao hawakumkuta nyumbani, alikuwa msituni. Niliwapa ugali na dagaa, wakamsubiri. Alirudi akiwa ananuka moshi na nta, jicho moja limevimba. Wakamwangalia, wakaangaliana. Yule mkubwa akaniuliza, "Kwa hiyo tumekuja bure?" Nikamwambia hapana, mmekuja kula asali. Wakaondoka na ndoo ndogo yenye masega, na wajukuu wangu wakawakimbilia mpaka barabarani wakipunga mikono, halafu wakarudi. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, lile la kurudi.

Siku hizi kuna wanawake wengine wanaotundika mizinga pale. Wengine inawaingia, wengine haiwaingii, kama wanaume. Na mwenyekiti? Juzi nimemkuta bandani anamwambia mnunuzi kutoka Mpanda mjini, kwa uso mkavu, kwamba asali ya wanawake ni tamu zaidi, nyuki wanawapenda wanawake, ndivyo ilivyo tangu mababu.

"Mwanangu," nikamwita. "Umejuaje?"

"Mama, wewe si umeonja ya mkweo? Ni tamu au si tamu?"

"Ni tamu."

"Unaona sasa."

Ningeweza kunyamaza. Neno lilikuwa linatufaa, na mnunuzi alishaanza kutikisa kichwa. Lakini nikasema, "Leta vijiko viwili. Kimoja cha yake, kimoja cha yako. Nitafumba macho. Na nyie mkae na maneno yenu mliyoyasema, msije mkayabadilisha nikishameza."

Nikafumba macho. Nikasikia wajukuu niliokuja nao wanasogea, wanacheka, mmoja akanishika goti. Kijiko cha kwanza kikaja, kitamu, kina harufu ya maua na moshi kidogo. Cha pili kikaja, kitamu, kina harufu ya maua na moshi kidogo.

"Haya bibi, ipi ya mama?" mjukuu akauliza.

"Sijui," nikasema. "Leteni tena."